Suhuba na Baiskeli katika Njia za Mashamba za Uingereza

Watu wawili wapandapo baiskeli zao wakashika njia nyembamba ya shamba, hawana mzigo wa kufikisha wala saa ya kuwahi, bali wanakwenda kwa ajili ya kwenda na kuzungumza, hufanya jambo ambalo leo laonekana jepesi hata mtu akadhani limekuwapo tangu zama za mababu. Lakini ukiifuatilia tarikhi yake nchini Uingereza, ambako desturi hiyo ilistawi sana mwishoni mwa karne ya 19, utaona kwamba ilingoja mambo kadha wa kadha yakutane, na la awali katika hayo halikuwa baiskeli yenyewe, bali ukiwa wa barabara.

Kabla ya miaka ya 1830 barabara kuu za nchi ile zilijaa magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi, na kila baada ya maili kadhaa palikuwa na nyumba ya wageni yenye zizi kubwa, ambapo farasi waliochoka walifunguliwa wakafungwa wengine, na abiria wakapata chakula cha moto. Reli ilipoenea, biashara ile ikafa katika muda wa kizazi kimoja: mazizi yakabaki matupu, wenye nyumba za wageni wakaishi kwa riziki ya kubahatisha, na barabara zikaachiwa mikokoteni ya wakulima na makundi ya kondoo. Tena kando ya barabara hizo kulikuwa na njia ndogo zilizo kongwe zaidi, ambazo katika majimbo kama Surrey na Devon zilikanyagwa na kwato na kuchimbwa na mvua karne baada ya karne hata zikazama chini ya usawa wa mashamba, kuta za udongo huku na huku, na juu yake miti iliyofungana matawi ikimfunika mpitaji kwa kivuli.

Chombo cha kuzifaidi njia hizo kilichelewa. Kile alichokibuni Karl von Drais, Mjerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedeli, na mpandaji alijisukuma kwa kupiga miguu chini. Na ile baiskeli ya miaka ya 1870, ambayo gurudumu lake la mbele lilimfikia mtu mzima kifuani, ilikuwa ya vijana wenye mbavu na fedha, kwani jiwe dogo tu lilitosha kumrusha mpandaji kichwa mbele. Hata hivyo waendeshaji wa vyombo hivyo vya hatari ndio walioasisi, mjini Harrogate mwaka 1878, chama kilichokuja kuitwa Cyclists' Touring Club, ambacho kiliweka mbao za tahadhari juu ya miteremko mikali na kuafikiana na wenye nyumba za wageni juu ya bei za wanachama wake, na hivyo nyumba zilizoachwa na farasi zikaanza kuona wageni tena.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma. Na kwa kuwa duara la meno la penye pedeli lilikuwa kubwa kuliko lile la nyuma, haikulazimu tena gurudumu refu ili kupata mwendo. Wengi husifu usalama wake, nao una haki ya kusifiwa, lakini mimi naona fadhila yake kubwa ni kwamba miguu ya mpandaji ilifika chini: aliyetangulia aliweza kusimama penye lango la shamba, mguu mmoja ardhini na mkono mmoja juu ya usukani, akamngoja mwenziwe amalize kilima, kisha wakayaendeleza maneno yao pale walipoyaachia. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa tabibu wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya mpira wa upepo, ambao aliujaribu kwanza katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Na mtikisiko wa mpira mgumu juu ya changarawe ulipotulia, mazungumzo yakawezekana bila ya kupaza sauti.

Halaiki ya waendeshaji kutoka London ilielekea hasa kijiji cha Ripley, katika jimbo la Surrey, zaidi ya maili 20 kutoka jijini, ambako nyumba ya wageni iitwayo Anchor, ikisimamiwa na aila ya Dibble, iliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Lakini si kila mlango uliofunguliwa vivyo hivyo. Oktoba 1898, huko Ockham, mwendo mfupi tu kutoka Ripley, Lady Harberton, aliyekuwa kiongozi katika harakati za kuwapatia wanawake mavazi yenye kuwafaa, aliingia katika nyumba iitwayo Hautboy akiwa amevaa suruali pana iliyobanwa chini ya magoti, vazi la busara kwa mpanda baiskeli; bibi mwenye nyumba akakataa kumwandalia katika chumba cha kahawa, akamwonyesha sebule ya pombe. Cyclists' Touring Club ikaipeleka kesi mahakamani mwaka 1899, na bibi yule akaachiwa kwa hoja kwamba chakula hakikukataliwa, ila chumba. Hukumu ile naiona kuwa dhulma, kwani mwanamke asiyeweza kuketi kwa heshima mwisho wa safari hawezi kusemwa kwamba barabara ni yake.

Na bado walikwenda. Mtunzi wa muziki Edward Elgar, aliyezaliwa mwaka 1857, alijifunza baiskeli mwaka 1900, akiwa mtu mzima mwenye sifa tayari, akazunguka mashamba yaliyo kando ya vilima vya Malvern pamoja na sahibu yake Rosa Burley, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ambako Elgar alikuwa akifundisha fidla; bibi huyo aliandika kumbukumbu za urafiki wao. Baadaye Elgar alipanda baiskeli ya Sunbeam, iliyoundwa Wolverhampton, ambayo mnyororo wake ulifungiwa ndani ya kasha la mafuta usipate vumbi wala tope, naye akaipa jina la Mr Phoebus, kama mtu ampavyo jina mnyama ampendaye.

Faragha ile ya barabara tupu ilikuwa na ajali yake. Sheria ya mwaka 1896 iliruhusu motokaa kufika mwendo wa maili 14 kwa saa, na muda si muda barabara kuu zikawa vumbi na honi, waendeshaji wakasukumwa kwenye zile njia ndogo zilizozama, ambako wangali wanaonekana hadi leo.

Wala baiskeli haikubaki Uingereza peke yake: kutoka Nottingham, kwenye kiwanda cha Raleigh kilichokuzwa na Frank Bowden, baiskeli nyeusi nzito zilivuka bahari hadi pwani yetu ya Waswahili, na huku kwetu chombo kilikuwa kwanza mtumishi: kilibeba nazi, samaki, madumu ya maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Tafrija ilipatikana katika safari ya kurudi, mzigo umekwisha kuuzwa na keria i tupu, jirani wawili wakiendesha sambamba chini ya miembe na kusimuliana habari za soko. Wazee waliorudi hivyo bado wapo Unguja na Pemba, na atakayeandika tarikhi ya baiskeli ya Waswahili na aanze kwa kuwauliza walizungumza nini.