Misheni Yatima

Meli iliyombeba Lillian Danielson na watoto wake sita ilipigwa mizinga alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Iliitwa Zamzam, jina la kile kisima cha Makka, na ilipeperusha bendera ya Misri, nchi ambayo ilikuwa bado haijatangaza vita. Ndani yake walikuwamo abiria takriban mia mbili. Wengi walikuwa wamisionari wa Kimarekani wa madhehebu mbalimbali pamoja na familia zao. Wengine madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa. Wengine wanunuzi wa tumbaku waliokuwa njiani kwenda Rhodesia. Lillian alikuwa anakuja Tanganyika. Mumewe Elmer, mmisionari wa Kilutheri wa kanisa la Augustana la Marekani, alikuwa tayari yuko huku.

Bernhard Rogge, nahodha wa meli ya kivita ya Ujerumani iliyoitwa Atlantis, alidhani ameona meli ya Waingereza. Hakukosea sana: Zamzam ilijengwa Uingereza mwaka 1909 ikiitwa Leicestershire, na umbo lake lilikuwa bado lilelile. Mashua ya kuokolea waliyopanda akina Danielson ilijaa maji, mama na watoto wake wakajikuta baharini. Jaribu kuwaza: watoto sita, mdogo wao bado wa kubebwa, na mama ana mikono miwili tu. Waliopolewa wote, na waliowaopoa ni Wajerumani walewale waliowazamisha. Kesho yake abiria walihamishiwa meli nyingine, Dresden, wakazungushwa baharini mwezi mzima, wanaume wakilala chini kwenye vyumba vya shehena, mpaka waliposhushwa Saint-Jean-de-Luz, Ufaransa, tarehe 20 Mei. Kwa siku chache kabla ya habari hizo, Marekani iliamini kwamba wamekufa. Miaka mingi baadaye Eleanor, mmoja wa wale watoto, aliandika kitabu juu ya safari ile.

Mimi nimekulia Mkula, Busega, mkoani Simiyu, na kule kwetu Ulutheri ni kitu cha wageni. Hospitali ni ya AIC, kanisa kubwa ni AIC, na bibi yangu akisema "Misheni" anataja mahali, kama mtu anayesema sokoni au ziwani. Niliichagua familia ya Danielson kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili kwa sababu ya neno moja ninalokutana nalo kila mara wanapotajwa: misheni yatima.

Neno hilo lilikuja hivi. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kiingereza iliwakamata Wajerumani wa Tanganyika, wamisionari wakiwamo. Wengine walirudishwa kwao, wengine wakapelekwa kambini Afrika Kusini. Vituo vya misheni za Leipzig, Berlin na Bethel, kuanzia Kilimanjaro na Usambara hadi Bukoba, Uzaramo na nyanda za juu za kusini, vikabaki bila wakuu wake. Augustana, ambao shamba lao wenyewe lilikuwa Iramba, wakaombwa kuviangalia vyote. Walikuwa wachache mno. Elmer alikuwa mmoja wa hao wachache, na Zamzam ilikuwa inawaletea msaada. Katika taarifa za Ulaya na Marekani, vituo vile viliitwa yatima.

Sasa, yatima kwetu ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Hana wa kumsemea, anagawiwa kwa ndugu, anakula baada ya wenzake. Je, kanisa la Kilimanjaro lilikuwa hivyo mwaka 1940? Wachungaji Wachaga walikuwa wamebarikiwa tangu 1934. Walimu wa shule za vijijini walikuwapo, wazee wa sharika walikuwapo, na watu walioa, wakazika, wakabatiza. Bukoba hadithi ni ya zamani zaidi. Wajerumani walipoondoka kule katika vita vya kwanza, Andreas Kajerero aliwashika Walutheri pamoja, na walipovutwa wahamie madhehebu mengine hakukubali. Mtu wa namna hiyo anaitwaje yatima? Kwa macho yangu, yeye ndiye aliyekuwa analea.

Simlaumu Lillian kwa hili. Hakulitunga neno, na mama aliyeponea baharini na watoto sita ana haki ya kusimuliwa. Ninachokipinga ni mizani. Siku thelathini na tatu za familia moja baharini tunazo karibu saa kwa saa, tukajua hata walikula nini na walilala wapi. Miezi hiyohiyo ya sharika nzima za huku imefungwa ndani ya neno moja.

Na kule kwetu je? Misheni ya Nassa, jirani yetu, ilianzishwa na CMS, kisha mwaka 1909 ikakabidhiwa kwa Wamarekani wa AIM, ambao kwao limetoka AIC. Katika maandishi niliyosoma, makabidhiano yale ni sentensi moja: fulani alimpa fulani. Wasukuma waliokuwa wanasali pale wamo ndani ya sentensi kama samani za nyumba iliyouzwa. AIM nao walikuwa na watu wao ndani ya Zamzam, kwa hiyo hadithi hii haiko mbali na ziwa letu kama nilivyodhani.

Ralph Hult, Mlutheri mwingine aliyenusurika siku ile, alipanda meli tena mwaka 1942, vita vikiendelea, akamwacha mke na watoto Marekani. Safari hii alifika. Alikufa Dar es Salaam mwaka uliofuata. Huo ni ujasiri, na sitaki mtu aniambie nimeuficha. Elmer Danielson naye aliendelea kuitumikia nchi hii mpaka 1968. Kabla hajaondoka alimwona Stefano Moshi, Mchaga aliyeanza kama mwalimu, akiwa kiongozi wa kwanza Mwafrika wa kanisa la kaskazini mwaka 1959, na makanisa saba yakiungana kuwa KKKT mwaka 1963.

Kwa hiyo sura ya kwanza ya tasnifu ni ya bahari. Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa wazee waliozaliwa kati ya 1939 na 1942 nimebaki na swali dogo, ambalo wengi hucheka wakilisikia kwa sababu hawajawahi kuulizwa: nani alikubatiza?