Leseni, Ufunguo na Lugha ya Kompyuta

Katika mazungumzo ya walimu wa Kiswahili hapa Kicukiro limezuka swali ambalo waliotutangulia katika kazi hii hawakupata kuulizwa: kompyuta iliyoko nyumbani, iliyonunuliwa kwa jasho na inayotumika kutungia mitihani, ni mali ya nani hasa? Swali lilipata nguvu baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipofikisha mwisho huduma ya kawaida kwa Windows 10. Wengi wetu tuna mashine za zamani, na kila mmoja anatakiwa aamue kama atahamia toleo jipya au atabaki alipo. Waama, jambo hili aghalabu huachiwa mafundi. Lakini ndani yake mna habari ya lugha, nasi twaona yafaa tulieleze tangu chimbuko lake.

Hapo mwanzo programu ilikuwa kitu cha kunakiliwa. Wapenda kompyuta wa Marekani walipeana kama majirani wanavyopeana mbegu. Tarehe 3 Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi akilalamika kwamba wengi waliitumia programu yake pasipo kuilipia. Hata hivyo, kwa miaka 25 iliyofuata kampuni yake haikuwa na njia ya kumfuata mnunuzi nyumbani kwake. Windows ilikuja na ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, na ufunguo mmoja ulioandikwa kwenye karatasi uliweza kufungua kompyuta kumi.

Mambo yalibadilika mwaka 2001 ilipotoka Windows XP. Kuanzia hapo mnunuzi wa kawaida hakutosheka kuwa na ufunguo; ilimpasa aombe kibali kutoka mbali ndani ya siku 30, la sivyo mashine ingemfungia mlango. Kitendo hiki ndicho tukiitacho uamilishaji. Mfumo endeshi ulitazama viungo vya kompyuta, kama vile diski, kadi ya mtandao na kumbukumbu, ukatengeneza namba ya kuitambulisha mashine hiyo. Aliyebadilisha viungo vingi kwa mara moja aliweza kutakiwa aombe kibali upya. Asiyekuwa na intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu 50, naye akasomewa tarakimu 42 za kuandika. Msomaji na afikirie kazi hiyo katika Afrika ya Mashariki ya siku zile, kabla ya nyaya mpya za chini ya bahari kufika pwani yetu mwaka 2009! Kosa la tarakimu moja lilitosha kukurudisha mwanzo.

Hapa yatupasa tusimame kidogo juu ya neno lenyewe. Leseni, katika masikio ya watu wengi, ni karatasi ya dereva au ya mwenye duka. Leseni ya programu ni idhini ya kutumia kwa masharti, wala si hati ya kumiliki. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba "amenunua Windows" amesema jambo ambalo mkataba wenyewe haulisemi. Sisi twaliona neno idhini kuwa karibu zaidi na maana, ingawa leseni limekwisha kuzoeleka na hatudhani litaondoka.

Sasa tuje kwenye lugha. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza kwamba ingeleta programu zake kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitolewa bila malipo. Lakini haikuwa mfumo endeshi kamili. Ilikuwa kama kanzu inayovaliwa juu ya nguo nyingine. Ilifunika sehemu zinazotumika zaidi, ilhali sehemu nyingine zilibaki katika lugha ya asili. Tena ilikuwa halali tu juu ya Windows yenye leseni. Kiswahili kilikuwa bure, lakini mlango wa kukifikia ulikuwa na kufuli.

Kwa Rwanda palikuwa na kikwazo cha pili. Kompyuta nyingi zilizotumika hapa zilikuwa za Kifaransa, na hata kibodi zao zilipangwa kwa mpangilio wa Wafaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, lakini mashine hazikubadilika kwa amri hiyo. Ilipotoka Windows 7, tarehe 22 Oktoba 2009, tafsiri ya Kiswahili ilitaka chini yake pawe na Kiingereza. Mwenye toleo la Kifaransa la nyumbani hakuruhusiwa kuongeza lugha kamili nyingine, kwani haki hiyo iliwekwa kwa matoleo ya bei kubwa. Basi mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa na leseni halali kabisa alizuiwa kuiona lugha yake kwenye kioo. Siku nne baadaye, tarehe 26 Oktoba, Rwanda ilitunga Sheria Na. 31/2009 ya kulinda mali bunifu, na programu za kompyuta zikahesabiwa humo. Ikawa hata njia za mkato zina adhabu. Kinyarwanda nacho kilipata kanzu yake katika Windows 8 ya mwaka 2012.

Palikuwapo na njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya leseni inayoruhusu kunakili, kubadili na kugawa. Haukuhitaji ufunguo wala simu. Twasikitika kwamba kazi ile haikuenea kama ilivyostahili. Tafsiri isiyo na watu wa kuihudumia huchakaa kila toleo jipya linapotoka.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, na kibali hakisomwi tena kwa simu mara nyingi. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, leseni yaweza kuhifadhiwa kwa njia ya kidijitali kwenye kumbukumbu za kampuni, ikishikamana na mashine. Aliye na Windows 10 halali hatakiwi kununua ufunguo mpya ili kuhamia Windows 11 kwenye mashine ile ile. Kinachowazuia wengi ni chombo chenyewe: Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 64, pamoja na kichakato cha miaka ya karibuni. Asiyekuwa navyo aliwekewa huduma ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026.

Kwa wenzetu wanaojiandaa kuhama, twaomba waangalie kwanza mambo matatu katika mipangilio ya mashine: kama leseni imeamilishwa, kama imeunganishwa na akaunti ya mwenyewe, hasa ikiwa ubao mkuu utabadilishwa, na kama Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za toleo wanaloliendea, kwa sababu tafsiri iliyotengenezwa kwa toleo moja hairithiwi na jingine. Mitihani na inakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya yote hayo.