Treni ya umeme ya Katanga: kazi ya kufufua mashini za zamani

Sisi watu wa Kisangani, tukisikia treni, tunafikiri ile ya Ubundu, ya mwaka 1906, kilometa 125 za kukwepa maporomoko. Ile haikupata umeme hata siku moja. Lakini katika inchi yetu iko reli ya umeme: kule Katanga, kampuni BCK iliianza mwaka 1952 kati ya Likasi (wakati ule Jadotville) na Tenke. Baadaye nyaya zilifika kilometa 858. Umeme ulitoka kwa mabwawa ya Lufira, kisha ya Lualaba, ndiyo kusema maji yale yale ambamo Wagenia wanavua samaki hapa kwetu.

Lokomotivu za kwanza zilitoka Ubelgiji. Wengi wanazani kuzifufua ni kupaka rangi na mafuta. Hapana. Ndani ya mota iko nyuzi za shaba, zimefunikwa ili umeme usitoroke. Mashini ikisimama miaka, kile kifuniko kinashika unyevu na kupasuka. Ukiwasha tu, mota inaungua. Lazima kufungua yote, kukausha, mara nyingi kuzungusha nyuzi mpya. Vipuri vya zamani ni shida kupata, basi fundi anatoa kwa lokomotivu moja ili kuponya ingine, na hesabu ya mashini inapunguka.

Tena mashini peke yake haitoshi. Ile ya mazutu, ukipata mapipa, inakwenda. Ya umeme inaomba waya juu ya reli, na waya ni wa shaba: wezi wameukata mara nyingi, katika jimbo lenyewe linalochimba shaba! Ndiyo sababu dizeli zilianza kupita hata chini ya nyaya.

Lakini mimi naona pengo kubwa liko kwa watu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa reli na wa Gécamines, na familia zao zililala kwenye gare ya Likasi zikingoja treni. Pamoja nao yaliondoka maarifa ya miaka mingi. Karatasi za kiwanda zinaonyesha nyuzi zinapita wapi. Hazionyeshi mashini hii moja ilitengenezwa namna gani usiku fulani, bila vipuri. Mambo hayo fundi mzee alimwambia kijana wakiwa wote wawili chini ya lokomotivu, na kijana hakuandika.