Marion Motley

Marion Motley (5 Juni 1920 – 27 Juni 1999) alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyeng'ara na timu ya Cleveland Browns kuanzia 1946 hadi 1953. Alikuwa miongoni mwa wachezaji weusi wanne walioingia katika futiboli ya kulipwa mwaka 1946, baada ya ligi ya NFL kukaa tangu 1934 bila mchezaji mweusi hata mmoja.

Maisha ya awali

Alizaliwa Leesburg, Georgia, akakulia Canton, Ohio. Timu ya shule yake ya sekondari, McKinley, ilisumbuliwa mno na watani wao wa Massillon, waliofundishwa na Paul Brown. Alisoma South Carolina State, kisha Chuo Kikuu cha Nevada. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la majini, na katika kambi ya Great Lakes akamkuta Brown yuleyule, sasa akiwa kocha wake. Vita vilipokwisha, Brown aliunda timu mpya Cleveland, akamsajili Motley pamoja na mchezaji mwingine mweusi, Bill Willis.

Uchezaji

Kabla ya kuhamia NFL, Browns walicheza katika ligi ya AAFC, wakatwaa mataji yake yote manne, 1946 hadi 1949. Uwanjani Motley na Willis walitukanwa, na wapinzani waliwakanyaga mikono kwa viatu vya njumu huku waamuzi wakijifanya hawaoni. Mwaka 1946 timu ilikwenda Miami bila wao, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliotawala Florida.

Motley alicheza fulbeki. Kazi yake kubwa ilikuwa kumkinga mpigaji pasi Otto Graham kwa kuwazuia walinzi waliomvamia. Siku moja walinzi walipopenya, Graham alibanwa akamsukumia Motley mpira. Naye akakimbia katika nafasi waliyoiacha wazi nyuma yao. Brown aliigeuza bahati hiyo kuwa mbinu ya kudumu.

Kwa kuwa muda mwingi alikuwa mkingaji, hakupewa mpira mara nyingi, lakini alipoupata aliutendea haki. Tarehe 29 Oktoba 1950, dhidi ya Pittsburgh Steelers, alikimbia yadi 188 kwa kubeba mpira mara 11 tu. Msimu huo, wa kwanza kwa Browns katika NFL, aliongoza ligi kwa yadi 810, na timu ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Los Angeles Rams 30–28.

Baada ya kustaafu

Majeraha ya goti yalimpunguzia kasi, akamalizia Pittsburgh mwaka 1955. Aliomba kazi ya ukocha mara kadhaa, hata kwa Browns, akakataliwa. Kwa muda alifanya kazi posta. Mwaka 1968 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli ya kulipwa, lililoko Canton alikokulia, akiwa mchezaji mweusi wa pili baada ya Emlen Tunnell. Mwaka 1994 NFL ilimtaja katika kikosi bora cha miaka yake 75. Alifariki Cleveland kwa saratani ya tezi dume.