Kitabu Kilichoachwa Njiani: Riwaya ya Nagona na Historia ya Usomaji Kasulu na Kibondo

Nakala ya Nagona niliyoisoma kwa mara ya kwanza niliikuta katika kabati la vitabu la shule moja ya sekondari wilayani Kasulu. Jalada lake lilikuwa zima, jambo lililopaswa kunitahadharisha, kwani katika kabati lile kitabu kilichopendwa kilitambulika kwa kukosa jalada. Msomaji aliyenitangulia alikuwa amepigia mstari wa penseli maneno aliyoyaona mazito na kuandika maswali pembeni. Penseli hiyo iliishia ukurasa wa tisa. Mimi nilifika mbele kidogo kuliko yeye, kisha nikakirudisha kitabu mahali pake.

Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama ilivyo historia nyingi za fasihi, huandikwa kwa ushahidi wa waliomaliza kusoma. Mhakiki huandika, mwalimu hutunga maswali, mtahiniwa hujibu. Aliyeacha njiani haachi hati yoyote. Hata hivyo, yeye naye ni sehemu ya maisha ya kitabu, na mintarafu ya riwaya za majaribio huenda ndiye sehemu iliyo kubwa zaidi.

Tofauti hii huonekana wazi tukilinganisha kazi mbili za mwandishi mmoja. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalizua mgogoro mkubwa. Wanamapokeo walipinga, wanamabadiliko wakajibu, na maandishi ya pande zote mbili yamebaki. Mtafiti wa leo anaweza kuyasoma na kujua nani alikasirika na kwa sababu gani. Nagona ilipotoka mwaka 1990, ikifuatwa na Mzingile mwaka 1991, wasomi wa vyuo vikuu waliandika mengi kuzihusu. Msomaji wa kawaida hakugomba. Alifunga kitabu tu.

Na alikuwa na haki ya kushangaa. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alikuwa amekwisha kumpa riwaya nne za kihalisia: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hii ya mwisho ilihusu kuundwa kwa vijiji vya ujamaa, na hapakuhitajika ufafanuzi kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo, kwa kuwa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu vijijini. Msomaji aliyeona kaya zikihamishwa aliikuta dunia yake kitabuni, ikiwa na majina, mpangilio wa matukio na lawama.

Baada ya kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, mwandishi huyo alirudi na kitabu cha namna nyingine. Msimulizi hana jina. Anaingia mahali palipotelekezwa, wakati haufuati mstari, wanafalsafa wa Ulaya wanatokea bila kutambulishwa, na watu wanaingojea Ngoma Kuu ambayo maana yake haielezwi. Ni kitabu chembamba sana, nacho kinachosha kuliko vitabu vinene.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba wasomaji wa mikoani hawakuwa na elimu ya kutosha. Siyakubali. Kampeni ya kisomo cha watu wazima, iliyoanza kwa nguvu mwaka 1970, ilizaa wasomaji wengi, lakini pia iliwafundisha kwamba maandishi yana kazi: kueleza kilimo, afya, siasa. Kwa Waha wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya ofisi, na kabla ya hapo ya mashamba ya mkonge ambako baba na babu zao walikwenda kama manamba. Katika lugha iliyojifunzwa kwa madhumuni hayo, mtu hutarajia kuambiwa jambo. Wasomaji hao hao walizisoma hadi kuzichakaza riwaya za Ben Mtobwa, mwenyeji wa mkoa wa Kigoma, na kumfuata mpelelezi wake Joram Kiango usiku kucha kwa mwanga wa kibatari. Tatizo halikuwa uvivu.

Aidha, uzito wa kutoeleweka peke yake hauwezi kuwa sababu. Bibi yangu alisimulia ngano ambamo mtu huingia shimoni, akakutana na wazee wasio na umri, akarudi na kitu kisicho na jina. Hatukumuuliza maana. Nagona ina mengi ya namna hiyo, lakini juu ya ngano hiyo imewekwa maktaba nzima, ya Plato hadi Nietzsche, na maktaba hiyo Kasulu haikuwapo. Hapa namlaumu mwandishi kidogo, ingawa wasimamizi wangu hawapendi neno hilo. Alivunja mkataba na msomaji aliyemlea mwenyewe kwa miaka ishirini, wala hakumwachia mlango wa kuingilia.

Lakini Kibondo imenifanya nisite. Mwezi Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, wakimbizi kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Kibondo na Kasulu; mwishoni mwa mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Walioyapitia hayo mara nyingi husimulia bila mfuatano: mji mtupu, sauti, njia, kisha mji mtupu tena. Miaka miwili kabla ya Ndadaye kuuawa, Mzingile ilikuwa imechapishwa, na ndani yake mna dunia iliyokwisha kuangamizwa. Sidai kwamba Kezilahabi alitabiri. Nasema tu kwamba nilipozisikiliza simulizi hizo ndipo niliporudi kukitafuta kile kitabu chenye jalada zima.

Nagona nimeimaliza, mara mbili. Mzingile bado. Tiketi ya basi la Kibondo ingali katikati yake, na katika sura inayofuata ya tasnifu hii nimejihesabu miongoni mwa walioacha njiani.