Wii Milioni 100, Wanunuzi Wako Wapi? Kisa cha Gemu Zilizododa

Leo tuweke kando habari za programu mpya, nataka tuzungumze historia kidogo. Kuna kisa kimoja katika biashara ya gemu ambacho nadhani kila mtu anayeandika programu za kuuza anapaswa kukijua, hata kama hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Ni kisa cha Nintendo Wii, mashine iliyouzwa kuliko wapinzani wake wa wakati ule, lakini gemu nyingi nzuri ambazo kampuni nyingine ziliitengenezea zikadoda madukani.

Kwa wale wasioifahamu (na huku Kenya tuko wengi, maana vibanda vya gemu vya enzi hizo vilikuwa vya PlayStation 2 na mpira), Wii iliingia madukani Marekani tarehe 19 Novemba 2006. Badala ya kidhibiti chenye vibonye chungu nzima, ulipewa kitu kinachofanana na rimoti ya runinga. Ukitaka kucheza tenisi unapunga mkono, na mchezaji kwenye skrini anapiga mpira. Basi. Hadi mwisho wa safari yake Nintendo ilikuwa imeuza Wii milioni 101.63 duniani. PlayStation 3 na Xbox 360 ziliishia milioni themanini na kitu kila moja.

Sasa tazama hesabu hizi. Machi 2009 kampuni ya Sega ilitoa MadWorld, iliyotengenezwa na studio ya PlatinumGames ya Japani. Ni gemu ya ukatili mwingi, na picha zake karibu zote ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa damu ambayo ni nyekundu. Wakosoaji waliisifu. Wakati huo Wii zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeshauzwa. Mwezi wake wa kwanza Marekani, MadWorld iliuza nakala 66,000 hivi. Septemba mwaka huohuo EA wakatoa Dead Space: Extraction, nayo ikasifiwa. Hesabu ya mauzo ya mwezi huo Marekani ilionyesha nakala 9,000 hivi. Ni kweli ilikuwa imekaa madukani siku chache tu kabla hesabu ya mwezi kufungwa, lakini elfu tisa bado ni aibu kwa gemu ya kampuni kubwa yenye jina linalojulikana.

Maelezo yaliyoenea wakati ule yalikuwa mepesi: Wii ni ya watoto na mabibi, wanaicheza wiki mbili kisha wanaitupa kabatini, hawanunui gemu. Nimeyasikia maelezo haya mara nyingi, na hayasimami ukiyapima kwa takwimu. Jumla ya gemu zilizouzwa za Wii, kwa hesabu ya Nintendo wenyewe, ni nakala milioni 921.85. Gawanya kwa idadi ya mashine, unapata kama gemu tisa kwa kila Wii moja. Hata ukiondoa zile zilizokuja bure ndani ya boksi, huyo si mtu asiyenunua gemu.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: kama walinunua, walinunua nini, na kwa nini hawakununua zile nyingine?

Tuanze na aliyeinunua mashine. Kabla ya Wii, Nintendo walikuwa na GameCube, iliyouza milioni 21.74 tu huku PlayStation 2 ikipita milioni 150. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni tangu 2002, aliona kushindana na Sony na Microsoft kwa nguvu za mashine ni kujimaliza. Akaamua kuwafuata watu ambao hawakuwa wakicheza gemu kabisa. Bei Marekani ikawekwa dola 249.99, wakati PlayStation 3 ilianza kwa dola 499 na 599. Na ndani ya boksi, isipokuwa Japani na Korea Kusini, ukakuta Wii Sports. Mtu alienda kwa jirani, akacheza bolingi na familia nzima sebuleni, kesho yake akaenda kununua Wii. Kwa maneno mengine, wengi hawakununua mashine ya gemu kwanza kisha wakatafuta gemu. Walinunua Wii Sports, na mashine ikaja nayo.

Fikiria vile vibanda vyetu. Watu walijaa kucheza mpira, kila mtu analipa shilingi chache kwa mechi moja. Mwenye kibanda angeweka gemu ya hadithi ya saa ishirini, hata iwe tamu vipi, asingepata mteja. Si kwamba wale vijana hawapendi gemu. Wamekuja pale kwa shughuli fulani, na gemu ile haiingii kwenye shughuli hiyo. Wii nayo ilikuwa mashine ya sebuleni, ya watu wanne kupokezana rimoti wakicheka. Kukata watu kwa msumeno wa umeme peke yako usiku ni shughuli nyingine kabisa.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, na hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu navutiwa zaidi. Wii kwa ndani ilikuwa GameCube iliyoongezwa nguvu. Prosesa yake ilikuwa na kiini kimoja cha megahezi 729, na kumbukumbu ya megabaiti 88. Xbox 360, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, ilikuwa na viini vitatu vya gigahezi 3.2 kila kimoja na kumbukumbu ya megabaiti 512. Tofauti haikuwa kasi pekee. Xbox 360 na PlayStation 3 zilimruhusu mtengenezaji kuandika sheda, yaani programu ndogo zinazoamua rangi na mwanga wa kila nukta kwenye skrini. Chipu ya picha ya Wii ilifuata njia ya zamani ya GameCube, ambapo unachagua tu katika hatua zilizokwisha kuwekwa.

Maana yake ni nini? Studio ikiandika gemu kwa ajili ya Xbox 360, iliweza kuihamishia PlayStation 3 kwa jasho jingi lakini ikabaki gemu ileile. Kuipeleka Wii ilikuwa kama kuandika upya: picha upya, mwanga upya, ramani zipunguzwe, maadui wapunguzwe. Unreal Engine 3, msingi uliotumiwa na gemu nyingi za miaka ile, haukuletwa Wii kabisa. Basi meneja wa kampuni akawa na njia tatu. Aipe Wii timu kubwa na bajeti yake yenyewe, ambayo ni gharama. Aipe timu ya pembeni itengeneze kitu kinachofanana na gemu kuu. Au aiache. Wengi walichagua njia ya pili.

Mifano ipo. Tarehe 10 Novemba 2009 Call of Duty: Modern Warfare 2 ilitoka kwenye PlayStation 3, Xbox 360 na kompyuta. Siku hiyohiyo wenye Wii wakaletewa Modern Warfare: Reflex Edition, ambayo ni ile gemu ya kwanza ya mwaka 2007. Yaani wenzako wanakula pilau la leo, wewe unapashiwa la juzi. Na Dead Space: Extraction? Dead Space yenyewe ilitoka 2008 kwenye mashine nyingine, gemu ambayo unatembea mwenyewe kwenye meli gizani ukiogopa kila kona. Ya Wii ilikuwa gemu ya kulenga na kupiga, kamera inakutembeza yenyewe. Ilitengenezwa kwa uangalifu, lakini jiulize ilimlenga nani. Aliyeipenda Dead Space alikuwa tayari na Xbox 360 au PlayStation 3. Asiyeijua Dead Space hakuwa na sababu ya kuitafuta. Mnunuzi aliyebaki katikati ni mwembamba sana.

Hapo ndipo idadi ya mashine inapodanganya. Nyumba nyingi za wachezaji wazoefu zilikuwa na mashine mbili, Wii kwa ajili ya familia na nyingine kwa ajili ya gemu nzito. Ukihesabu Wii milioni 50 unamhesabu na huyu, lakini pesa yake ya gemu za damu inaenda kwenye ile mashine ya pili.

Sababu ya tatu ni rafu za duka. Wii ilipopata umaarufu, kampuni nyingi zilikimbilia kutengeneza gemu za haraka na za bei nafuu. Rafu zikajaa. Mzazi anayesimama pale hasomi makala za wakosoaji. Anaona maboksi mia meupe, anachagua jina analolijua. Na jina analolijua ni Mario. Mario Kart Wii iliyotoka 2008 iliendelea kuuzwa miaka na miaka hadi ikafika nakala milioni 37.38. Ukijumlisha gemu kumi za Nintendo zilizouzwa zaidi kwenye Wii, unapata kama milioni 291, karibu theluthi moja ya gemu zote za mashine hiyo. Gemu ya Nintendo ilipewa miaka ya kuuza. Gemu kama MadWorld ilihukumiwa kwa mwezi mmoja, kisha bei ikashushwa na nafasi yake kwenye rafu ikapewa nyingine.

Lakini msikimbilie kusema kwamba kampuni nyingine hazikuwa na nafasi Wii. Capcom walileta Resident Evil 4 mwaka 2007, gemu ya kutisha na ya damu pia, wakaiuza Marekani kwa dola 30 hivi, ikapita nakala milioni moja. Kwa nini? Ilikuwa gemu kamili, si toleo la pembeni. Iliandikwa kwanza kwa GameCube, kwa hiyo Wii iliibeba bila kupunguzwa, na kulenga kwa rimoti kukaifanya iwe tamu zaidi. Bei nayo haikumtisha mtu.

Halafu kuna Just Dance. Ilianza kama wazo la mchezo mdogo ndani ya Rayman Raving Rabbids: TV Party ya 2008, Ubisoft wakaigeuza gemu kamili mwishoni mwa 2009. Wakosoaji waliiponda. Kiufundi haina maajabu, inapima tu mwendo wa mkono ulioshika rimoti. Ikauza mamilioni, ikazaa matoleo kila mwaka, na la mwisho kwa Wii, Just Dance 2020, lilitoka Novemba 2019, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa. Ubisoft waliangalia sebule ile, wakaona watu wamesimama, wameshika rimoti na wanacheka, wakawawekea muziki.

Kinachonisikitisha katika kisa hiki ni yaliyofuata. Kampuni zilipeleka gemu za pembeni, zikadoda, zikasema wateja hawapo, zikapunguza bajeti, zinazofuata zikadoda zaidi. Kisha watu wakaziita takwimu hizo ushahidi. Novemba 2012 Nintendo walitoa Wii U, na EA wakaileta Mass Effect 3 peke yake kwa dola 59.99, ilhali mwezi huohuo walikuwa wanauza gemu zote tatu za Mass Effect pamoja kwenye Xbox 360 kwa bei hiyohiyo. Nani angenunua ya Wii U? Mwaka uliofuata EA wakasema hawana gemu ya Wii U wanayoitengeneza. Wii U yenyewe iliishia milioni 13.56, na makosa ya Nintendo katika hilo hayakuwa machache. Lakini wateja wa Nintendo hawakuwa na ugonjwa. Switch ilipokuja 2017, Capcom waliandika Monster Hunter Rise kwa ajili yake kwanza, wakaitoa Machi 2021, ikauza mamilioni.

Nimeandika haya kwa sababu kila mara mtu akitaka nimtengenezee programu ya simu, huanza na hesabu ya simu zilizoko Kenya. Mamilioni kadhaa, asilimia moja wakilipa shilingi mia, tayari ni tajiri. Ni hesabu ileile ya Sega na EA. Idadi ya mashine inakuambia wangapi wanaweza kuendesha programu yako. Haikuambii mashine ile ilinunuliwa kwa shughuli gani, nani ameishika jioni, wala kama kitu unachomletea ameshakipata kizuri zaidi mahali pengine. Mwenye kibanda cha gemu alilijua hilo bila digrii: aliangalia kwanza vijana wamekuja kucheza nini, ndipo akanunua diski.