Rangi Iliyotua Pasipo Pake

Ukungu wa rangi ni matone madogo yanayotoka kwenye kinyunyizio na kwenda kutua mahali ambapo fundi hakukusudia: kioo, taa, mpira wa mlango au bodi ya gari jingine lililoegeshwa jirani. Kazi ya kuuondoa bila kuidhuru rangi ya kiwandani ina umri sawa na kinyunyizio chenyewe. Katika historia yake, kila rangi mpya ilipoingia, dawa ya jana iligeuka hatari. Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, ambako magari ya kila umri hupita njia moja yenye tope na vumbi, mafundi wanahitaji dawa ya jana na ya leo kwa pamoja.

Zamani kero hiyo haikuwapo. Magari ya kwanza yalipakwa kwa brashi kama mikokoteni ya farasi, tabaka juu ya tabaka, na kukauka kulichukua wiki kadhaa. Mwaka 1907, huko Toledo, Ohio, Thomas DeVilbiss alikigeuza kifaa cha baba yake daktari, kilichotumika kupulizia dawa kooni, kikawa bunduki ya kunyunyizia rangi. Bunduki hiyo ilienea zaidi baada ya kampuni ya DuPont kuleta Duco, rangi ya selulosi inayokauka upesi. Magari ya Oakland ya mwaka 1924 yalitoka kiwandani na rangi hiyo, na kazi ya wiki ikawa kazi ya saa.

Miaka hiyo watu walipenda gari la rangi mbili. Ili rangi moja isiingie kwenye nyingine, mafundi walibandika magazeti kwa gundi kali, na walipoyabandua, rangi mpya iling'oka nayo. Richard Drew wa kampuni ya 3M aliiona shida hiyo katika garaji za Saint Paul, Minnesota, na mwaka 1925 akatengeneza utepe wa karatasi unaobanduka bila kung'oa kitu. Mpaka leo kinga ya kwanza dhidi ya ukungu ni gazeti na utepe huo.

Huko Kivu, mwaka 1928 watawala wa Kibelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi. Nyanda za juu za Masisi zikapata mashamba ya kahawa na pareto na malisho ya ng'ombe, na magari yakafuata mazao. Rangi ya selulosi iliyotawala enzi hizo ina tabia mbili. Matone yake hukauka yakiwa bado hewani, hivyo mengi huanguka kama vumbi na kupangusika. Lakini rangi yenyewe haigeuki kuwa kitu kingine inapokauka. Ikiguswa na thina, hata baada ya miaka thelathini, huyeyuka. Fundi aliyeufuta ukungu kwa thina aliifuta na rangi ya kiwandani. Njia salama ilikuwa kusugua taratibu kwa dawa ya kung'arishia yenye chembe laini.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 zilienea rangi za sehemu mbili, zinazochanganywa na kigumisho, kisha tabaka angavu linalopakwa juu kabisa. Mambo yakageuka. Rangi ya kiwandani ilistahimili thina kwa muda mfupi, lakini ukungu wa rangi hizo hufika ukiwa bado mbichi, hung'ang'ania na kugandia hapohapo. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Unapaswa kushughulikiwa siku ileile.

Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza na jaribio. Huchukua kitambaa cheupe, hukidondoshea thina kidogo, na kusugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikichukua rangi, au uso ukianza kunata, thina huwekwa kando. Kitambaa kikibaki safi na uso mkavu, sehemu hupanguswa upesi, kisha huoshwa kwa maji na sabuni.

Vita vya miaka ya 1990 viliongeza magari meupe ya mashirika ya misaada, na baada ya Umoja wa Mataifa kuanzisha ujumbe wake wa kulinda amani, MONUC, mwaka 1999 yakaja mengine yenye herufi nyeusi za UN. Juu ya weupe, kila tone la rangi huonekana. Hata herufi zikibanduliwa gari linapouzwa, kivuli chake hubaki, kwa sababu sehemu iliyofunikwa haikupaushwa na jua. Ukungu wa rangi hukaa juu na unaweza kuondolewa. Kivuli kimo ndani ya rangi, na kinachoweza kufanyika ni kuung'arisha uso wa pembeni ukaribiane nacho.

Kivu ina pia ukungu wake wa asili. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira mara nyingi hupeperushwa magharibi, kuelekea Sake na Masisi, ukibeba majivu na kuifanya mvua kuwa na asidi. Chembe za majivu ni kama vioo vidogo. Kuzipangusa kwa kitambaa kikavu ni sawa na kupiga msasa. Lazima maji mengi yatangulie, kama yanavyotangulia kwenye ukungu wa rangi uliochanganyika na vumbi.

Dawa iliyofaa rangi za zamani na za sasa ilitoka Japani. Ni udongo wa plastiki wenye chembe laini, uliobuniwa na Tadao Kodate na kupewa hataza Marekani mwaka 1995, ikiuita jiwe la kusagia linalonyumbulika. Uso hulowanishwa kwa maji ya sabuni, donge hutelezeshwa bila kukandamizwa, na vidonge vya rangi vilivyochomoza hukatwa na kunaswa ndani yake. Kisha donge hukunjwa ili upande safi utoke nje. Likianguka chini hutupwa, kwa sababu punje moja ya mchanga wa lava inatosha kuchora mlango mzima.

Siku hizi kazi hufuata utaratibu huu: maji kwanza, udongo baadaye, thina pale tu jaribio linaporuhusu, na dawa ya kung'arisha mwishoni, kwa sababu kila mng'arisho huondoa sehemu ya rangi ya kiwandani isiyorudi.